Pedali ya gitaa ya kujitengenezea haina besi? Nobu moja yatosha, ila mahali pa kuifunga ndipo kazi ilipo

Pedali nyingi za gitaa zinazotengenezwa nyumbani zina nobu mbili au tatu tu: ya sauti, ya mkwaruzo na pengine ya toni. Besi haina nobu yake. Chumbani pedali inapendeza. Ikifika mazoezini na bendi nzima, gitaa linasikika kama redio ndogo ya mfukoni, au kinyume chake linanguruma mpaka mpiga besi analalamika.

Tatizo hili halihitaji pedali mpya. Kapasita moja au mbili, poti moja na waya kidogo vinatosha kuipa pedali nobu ya besi. (Poti ni ile rezista ya kuzungusha ambayo mafundi redio wengi huiita volyumu.) Kinachowachanganya wengi ni mahali pa kuifunga. Nobu ileile, ikifungwa kabla ya sehemu inayotengeneza mkwaruzo, inafanya kazi moja. Ikifungwa baada yake, inafanya kazi nyingine kabisa.

Besi ya gitaa ni ipi hasa?

Gitaa la nyuzi sita likiwa kwenye tuni ya kawaida, uzi mnene wa E hutoa mlio wa 82 Hz. Nyuzi zinazofuata zikipigwa wazi hutoa 110, 147, 196, 247 na 330 Hz. Gitaa la besi la nyuzi nne huanzia 41 Hz, yaani nusu ya ule uzi mnene wa gitaa.

Kwa hiyo nobu ya besi ya pedali ya gitaa inashughulika zaidi na eneo la kati ya 80 na 400 Hz. Hapo ndipo unene wa sauti ulipo. Na hapohapo ndipo gitaa na besi hugongana.

Besi inapotelea wapi?

Ndani ya pedali, sauti hupita kutoka hatua moja kwenda nyingine kupitia kapasita. Kazi ya kwanza ya kapasita hizo ni kuzuia umeme mfululizo wa betri usivuke. Lakini kapasita ikiwa ndogo, inazuia na masafa ya chini pia. Trebo inapita, besi inabaki mlangoni.

Mpaka wa kuzuia unapatikana kwa hesabu fupi:

Masafa = 1 ÷ (2 × 3.14 × R × C)

R ni rezista inayofuata baada ya kapasita, kwa omu. C ni kapasita yenyewe, kwa faradi. Kwenye mpaka huo nguvu ya sauti kwa volteji hushuka hadi kama asilimia 71, kisha inaendelea kupungua kadiri mlio unavyoshuka.

Mifano miwili, rezista ikiwa kilo-omu 100:

- Kapasita ya nanofaradi 4.7: mpaka ni karibu 339 Hz. Besi nyingi ya gitaa inakatwa.
- Kapasita ya nanofaradi 100: mpaka ni karibu 16 Hz. Besi yote ya gitaa inapita.

Pedali mbili za Uingereza za miaka ya 1960 zinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Dallas Rangemaster ina kapasita ya kama nanofaradi 5 tu mlangoni, ndiyo maana inainua trebo na kuacha besi nyuma. Fuzz Face, iliyoingia sokoni mwaka 1966, ina kapasita ya maikrofaradi 2.2 mlangoni, kubwa mara mia nne hivi. Inameza besi yote, na mlio wake ni mnene na wenye manyoya.

Kabla ya dayodi au baada yake?

Pedali ya mkwaruzo inakuza sauti ya gitaa mpaka inagonga dari, kisha dayodi au transista zinakata vichwa vya mawimbi. Kule kukatwa ndiko kunakoleta mkwaruzo.

Mawimbi ya besi ni makubwa na mapana. Yakiingia mengi kabla ya dayodi, yanachukua nafasi yote. Noti za juu zinapanda mgongoni mwa besi na kukatwa pamoja nayo. Mpigaji akigusa nyuzi mbili tatu kwa pamoja, kila noti inapotea kwenye tope. Kwa lugha ya jukwaani, gitaa "linavurugika".

Besi ikipunguzwa kabla ya dayodi, mkwaruzo unakuwa safi na kila noti inasikika. Ikipunguzwa kupita kiasi, sauti inakuwa kavu.

Baada ya dayodi, mambo ni tofauti. Mkwaruzo umeshatengenezwa na hauwezi kubadilika tena. Nobu iliyofungwa hapo inaamua tu unene kiasi gani utoke kwenda kwenye amplifaya, kama vile nobu ya besi ya redio.

Kwa ufupi:

- Mkwaruzo una tope, noti hazitofautiani: nobu ifungwe kabla ya dayodi.
- Mkwaruzo ni mzuri, ila sauti ni nene mno kwa bendi: nobu ifungwe baada ya dayodi.
- Sauti ni nyembamba: kwanza itafutwe kapasita inayokata besi, kwa sababu nobu ya baadaye haiwezi kurudisha kilichokwisha kukatwa.

Kumtafuta mwizi wa besi

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Fundi anachukua kapasita ya nanofaradi 100 isiyo na chanya wala hasi, anaifunga kwenye waya mbili fupi zenye klipu. Pedali ikiwa imewashwa kwa betri na sauti ya amplifaya ikiwa chini, anaibananisha sambamba na kila kapasita ambayo sauti inapita ndani yake, moja baada ya nyingine.

Pale ambapo sauti inanenepa ghafla, ndipo besi ilipokuwa inazuiwa.

Tahadhari: kapasita zilizofungwa kati ya njia ya sauti na grauni mara nyingi ni za toni, na kuziongezea ukubwa kunapunguza trebo tu. Hiyo haihesabiki kuwa besi imeongezeka. Kuna aina moja tu inayotofautiana na hizo, nayo ndiyo inayofuata.

Njia ya 1: Kabla ya mkwaruzo

Pedali zinazoigwa zaidi nyumbani ni za ukoo wa Tube Screamer, muundo wa Ibanez wa mwishoni mwa miaka ya 1970. Zinatumia IC yenye vikuzaji viwili ndani, mara nyingi 4558. Kwenye kikuzaji cha kwanza kuna rezista ya kilo-omu 4.7 ikifuatwa na kapasita ya nanofaradi 47 inayokwenda grauni. Kwenye IC ya aina hii, rezista hiyo imeshikana na mguu namba 2 au namba 6, kutegemea nusu ipi ya IC imetumika.

Viwili hivyo vinaweka mpaka kwenye 720 Hz. Chini ya hapo kikuzaji kinapunguza ukuzaji hatua kwa hatua. Besi haifutwi, inapita tu bila kukuzwa sana. Ndiyo sababu pedali za ukoo huu zinajulikana kwa sauti ya katikati iliyojitokeza na besi iliyojificha.

Kuongeza nobu:

- Kapasita ya nanofaradi 220 na poti ya kilo-omu 50 zinafuatana, moja nyuma ya nyingine.
- Mwanzo wa kapasita mpya unaunganishwa pale rezista ya 4.7 inapokutana na kapasita ya 47.
- Mwisho wa poti unakwenda grauni.

Poti ikiwa sifuri, kapasita mbili zinakuwa kama moja ya nanofaradi 267, na mpaka unashuka kutoka 720 hadi karibu 127 Hz. Besi inaingia kwenye mkwaruzo kwa wingi. Poti ikizungushwa hadi mwisho wa pili, pedali inarudi karibu na sauti yake ya mwanzo.

Asiyetaka poti anaweza kutumia swichi ndogo na kapasita ya nanofaradi 100. Swichi ikiwashwa jumla inakuwa 147, na mpaka unakuwa karibu 230 Hz. Kwa wapigaji wengi hatua hiyo moja inatosha.

Besi ikiongezwa hapa, mkwaruzo nao unaongezeka. Nobu ya mkwaruzo itabidi irudishwe nyuma kidogo.

Njia ya 2: Baada ya mkwaruzo

Hii inafaa karibu kila pedali yenye kikuzaji mwishoni kinachosukuma poti ya sauti ya kilo-omu 100. Kapasita iliyopo kati ya kikuzaji na poti hiyo inatolewa. Mahali pake panawekwa njia mbili sambamba:

- Njia ya kwanza: kapasita ya nanofaradi 4.7 peke yake.
- Njia ya pili: kapasita ya nanofaradi 100 ikifuatwa na poti ya kilo-omu 500.

Trebo inapita kwenye kapasita ndogo bila kujali poti iko wapi. Besi haiwezi kupita hapo, hivyo inalazimika kufuata njia ya pili, na poti ndiyo inayoamua ipite kiasi gani.

Poti ikiwa sifuri, sauti yote inapita kama kawaida. Poti ikiwa mwisho, mlio wa 82 Hz unabaki karibu robo ya volteji yake. Sauti za juu ya 400 Hz haziguswi sana.

Anayetaka nobu ishike chini zaidi aweke nanofaradi 10 badala ya 4.7. Kazi yake itaanzia karibu 190 Hz kushuka chini. Kwa pedali ya gitaa la besi, nanofaradi 22 ndiyo yenye maana zaidi.

Muhimu: nobu hii haiongezi besi, inapunguza tu. Ikifunguliwa yote, pedali inatoa kile ilichokuwa inatoa. Kwa hiyo mwenye pedali iliyo nyembamba tangu kwenye dayodi hatapata faida yoyote hapa.

Poti ya herufi gani?

Poti huandikwa herufi na namba, kwa mfano B500K. Kwa kawaida B inabadilika kwa usawa, A inabadilika polepole mwanzoni na haraka mwishoni, na C ni kinyume cha A.

Kwenye njia ya 2, poti ya B inafanya kazi lakini si laini. Ikiwa mwisho, mlio wa 82 Hz unabaki robo. Ikiwa katikati unabaki theluthi. Yaani nusu nzima ya mzunguko haileti tofauti kubwa, halafu besi yote inaingia kwa kishindo kwenye sehemu ya mwisho.

C500K ndiyo laini zaidi, lakini si kila duka linayo. Anayekosa atumie A500K na kugeuza mwelekeo: kuzungusha kulia kupunguze besi badala ya kuongeza. Kazi ni ileile, ni suala la mkono kuzoea tu.

Miguu ya poti huhesabiwa hivi: mshikio ukimwelekea mtu na miguu ikiwa chini, wa kushoto ni 1, wa kati 2, wa kulia 3. Kwa C, na kwa B pia, itumike miguu 2 na 3. Kwa A iliyogeuzwa, itumike miguu 1 na 2.

Vifaa vya kutafuta

- Poti moja: kilo-omu 50 kwa njia ya 1, kilo-omu 500 kwa njia ya 2.
- Kapasita kulingana na njia iliyochaguliwa. Zile za plastiki zinapendekezwa kwa njia ya sauti.
- Waya mwembamba, risasi na chuma cha kulehemu.
- Mita ya kupimia.
- Nobu ya kuvalisha poti na nafasi ya tundu kwenye kasha.

Kapasita ndogo nyingi huandikwa namba tatu tu. 472 ni nanofaradi 4.7, 103 ni nanofaradi 10, 473 ni 47, 104 ni 100 na 224 ni 220. Akijua hizi, mnunuzi hatauziwa nyingine iwe ni Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Poti ya redio mbovu nayo inafaa, mradi ipimwe kwanza. Mita ikiruka ruka wakati mshikio unazungushwa taratibu, poti hiyo itakwaruza jukwaani.

Hatua za kazi

1. Betri itolewe na jeki zote zichomolewe.
2. Bodi ipigwe picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Waya ukikatika, picha ndiyo itakayosema ulikuwa wapi.
3. Nafasi ya tundu la poti ipimwe kasha likiwa limefungwa. Poti isije ikagusa betri au jeki.
4. Bodi itolewe kabla ya kutoboa. Chembe za chuma zikibaki ndani zinaleta shoti.
5. Kapasita ya zamani ilegezwe kwa joto, isivutwe kwa nguvu. Njia ya shaba ya bodi ikibanduka, kazi inakuwa ndefu.
6. Sehemu mpya zishikizwe kwa muda na zisikilizwe kabla ya kulehemu moja kwa moja.
7. Waya za kwenda kwenye poti ziwe fupi. Kwenye njia ya 1 hasa, sehemu hiyo inakuza sana na waya mrefu unadaka mvumo wa umeme.
8. Kasha la chuma la poti liwe limegusana na grauni.

Kazi yote ifanywe kwa betri ya volti 9. Maelezo haya ni ya pedali tu. Amplifaya, hasa ya taa za kizamani, ina volti mamia ndani na inaweza kuhifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye ujuzi nayo.

Kasoro zinazojitokeza na maana yake

*Nobu inakwaruza ikizungushwa.* Kama poti ni nzima, umeme wa betri unapita ndani yake. Kapasita ikae upande wa kikuzaji, poti ifuate. Kapasita ikisahaulika, umeme huo unafika mpaka kwenye poti ya sauti nayo inaanza kukwaruza.

*Nobu inafanya kazi kinyume.* Waya uhamishwe kutoka mguu wa 1 kwenda wa 3, au kinyume chake. Hakuna kilichoharibika.

*Besi haibadiliki hata kidogo.* Kwenye njia ya 2, huenda kapasita ya zamani haijatolewa. Besi inapita humo na kuiruka poti.

*Pedali inavuma.* Grauni ya poti haijashika, au waya umepita karibu na waya wa mlango wa gitaa.

*Sauti imekatika kabisa.* Mara nyingi ni tone la risasi lililounganisha njia mbili. Bodi iangaliwe kwa mwanga mkali kabla ya kulaumu IC.

Anayetaka kuongeza besi, si kupunguza tu

Hapo inahitajika saketi yenye kikuzaji chake. Ile inayotumika zaidi duniani ilichapishwa na Mwingereza Peter Baxandall kwenye jarida la Wireless World, Oktoba 1952. Uzuri wake ni kwamba nobu ikiwa katikati sauti haiguswi. Kulia inaongeza, kushoto inapunguza.

Inahitaji IC nyingine kama TL072, kwa sababu vikuzaji viwili vya 4558 vimeshatumika. Pia inahitaji kiasi. Ndani ya volti 9 nafasi ni ndogo, na besi ikikuzwa mara kumi itaanza kukwaruza yenyewe pale ambapo mkwaruzo hautakiwi.

Kusikiliza mahali panapostahili

Spika ndogo ya chumbani haitoi besi ya chini vizuri. Mtu anaongeza nobu mpaka anaridhika, kisha kwenye spika kubwa za ukumbini sauti inakuwa tope.

Kwenye bendi za dansi na rumba, gitaa la solo, la rithimu na la besi hupiga kwa pamoja. Gitaa la solo likibeba besi nyingi, halisikiki zaidi. Linamfunika mpiga besi na lenyewe linazama. Mara nyingi solo inayosikika nyembamba ikiwa peke yake ndiyo inayopenya vizuri bendi nzima ikianza. Mpiga gitaa anayesindikiza mwimbaji peke yake, bila besi, ndiye mwenye nafasi ya kuifungua nobu yote.

Kwa hiyo nobu ijaribiwe mazoezini, besi na ngoma zikiwepo, kabla ya poti kulehemiwa moja kwa moja. Sehemu inayofaa ikipatikana, iwekewe alama kwa kalamu kwenye kasha. Usiku wa shoo, taa zikiwa hafifu na wimbo umeshaanza, alama hiyo inaokoa muda.